Jasho la Fundi na Bei ya Sokoni: Bunduki ya Vita Iliyochongwa Nyumbani

Ndugu msomaji, hebu tuanze Jumapili hii kwa swali. Mtu anunue kitu kwa fedha yake halali, akifanyie kazi jioni baada ya jioni kwa muda wa miezi mitatu, akichonge, akipige msasa, akipake mafuta hata king'are. Kisha siku moja akipeleke sokoni na kuambiwa kwamba, lau asingekigusa kabisa, angelipwa fedha nyingi zaidi. Je, mtu huyo amedhulumiwa? Au hakuelewa anauza nini?

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini wahenga hawakutueleza ni nani mwenye haki ya kusema kipi ni kizuri: ni yule aliyekitolea jasho, au ni yule aliyeshika fedha mkononi? Juma hili tutalitafuta jibu katika bidhaa ambayo wengi wetu hatuna wala hatutarajii kuwa nayo. Nayo ni bunduki ya vita, iliyouzwa kwa raia baada ya majeshi kuichoka, ikachongwa nyumbani na mwenyewe ili iwe ya kuwindia, na sasa inatafutiwa mnunuzi. Nchi yenye biashara hiyo kwa wingi ni Marekani. Huko, zimo nyumba nyingi ambamo bunduki ya namna hiyo imesimama nyuma ya mlango wa kabati, na mzee aliyeichonga ama amekwisha kufa ama macho yake hayaoni tena shabaha.

Pengine utauliza jambo hilo latuhusu nini sisi wa Kariakoo, Magomeni au Ngamiani. Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna nyumba ya mfanyakazi isiyokuwa na kitu kilichogeuzwa kwa mkono wa mwenyewe, kiwe ni cherehani, baiskeli, redio au kitanda, na siku ya kukiuza maswali ni yale yale. Pili, bunduki si kitanda. Kitanda kibovu humwangusha aliyelala. Bunduki mbovu, au bunduki nzima iliyofika kwa mtu mbaya, huua. Kwa hiyo yale ambayo katika kitanda ni ungwana tu, katika bunduki huwa ni wajibu.

ZILITOKA WAPI

Vita vikiisha, askari hurudi kwao, lakini bunduki hazina kwao. Katika vita viwili vikuu vya karne iliyopita, mataifa yalitengeneza bunduki za mkono kwa mamilioni. Wajerumani walikuwa na Mauser ya mwaka 1898 na zile fupi zilizoifuata. Warusi walikuwa na Mosin ya mwaka 1891. Wamarekani walikuwa na Springfield ya mwaka 1903. Waingereza walikuwa na Lee-Enfield, ambayo viwanda vyake vilienea kutoka Uingereza hadi India, Australia, Kanada na hata Marekani kwenyewe. Hii Lee-Enfield si ngeni kwetu. Wazee wetu wa Keya, waliopelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili, waliibeba begani katika matope na mvua za huko, na wengine wao walirudi wakiwa na makovu na wengine hawakurudi.

Baada ya mwaka 1945 majeshi yalianza kugeukia bunduki zinazojipakia zenyewe. Zile za zamani, ambazo baada ya kila risasi askari hana budi avute bolti kwa mkono, zikarundikana maghalani. Wakatokea wafanyabiashara waliozinunua kwa shehena. Aliyejulikana kuliko wote ni Mmarekani Samuel Cummings, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1953, na ambaye maghala yake huko Alexandria, katika jimbo la Virginia, yalijaa bunduki za majeshi ya kila bara. Serikali zilifurahi kupata fedha kwa vitu ambavyo vingeyeyushwa, na mfanyakazi wa Kimarekani alifurahi kupata bunduki kwa bei ambayo hakuwahi kuiota.

Ili uione bei hiyo kwa jicho la mfanyakazi, chukua mfano mmoja ambao rekodi zake zipo. Mwanzoni mwa mwaka 1963, duka moja la Chicago lilikuwa likiuza kwa njia ya posta bunduki ya jeshi la Italia pamoja na darubini yake kwa dola 19.95. Wakati huo kima cha chini cha mshahara nchini humo kilikuwa dola 1.15 kwa saa. Maana yake ni kwamba kibarua wa chini kabisa, kwa kazi isiyotimia saa 18, aliweza kupata bunduki iliyotengenezwa kwa chuma cha vita. Tutairudia bunduki hiyo ya Italia baadaye, kwani ndiyo iliyobadilisha sheria za biashara hii.

KAZI YA JIONI

Bunduki ya vita haikutengenezwa kwa ajili ya mwindaji. Ubao wake hufunika mtutu karibu hadi mwisho, ili askari asiungue mkono akifyatua mfululizo. Mbele ina mahali pa kufungia singe. Ni ndefu na ni nzito. Mwindaji apandaye kilima kumfuata paa hana haja ya singe, wala hafyatui risasi 50 kwa mpigo mmoja.

Basi mwenye bunduki alishika msumeno. Alikata ubao wa mbele, akauchonga uwe mwembamba, akaondoa vyuma vya singe. Wengine waliutupa ubao wote na kununua mwingine wa mti wa jozi, uliochongwa nusu tu kiwandani, nao wakaumalizia wenyewe kwa tupa na msasa na mafuta ya kitani, jioni baada ya jioni, mezani jikoni au bandani nyuma ya nyumba. Mkono wa bolti, ambao katika bunduki nyingi za vita ulisimama wazi kwa upande, ulipashwa moto na kukunjwa chini ili usigonge darubini. Mwili wa bunduki, yaani kile chuma kinachobeba chemba na bolti, kilitobolewa matundu ya skrubu za kuifungia darubini hiyo. Wengine walipunguza mtutu. Magazeti ya uwindaji yalifundisha kazi hiyo hatua kwa hatua, na maduka yaliuza kila kipande kilichohitajika.

Usimcheke mtu huyo, msomaji. Mchana kutwa alikuwa kiwandani akitengeneza kitu asichokijua mwisho wake, kwa faida ya mtu asiyemjua. Jioni alikuwa akitengeneza kitu chake mwenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mikono yake. Furaha hiyo ina thamani yake, ingawa hakuna mnunuzi atakayeilipia.

Wala mtindo huo haukuanza na mafukara. Theodore Roosevelt, mara baada ya kumaliza urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 kuanza safari yake kubwa ya uwindaji, akikusanya wanyama kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya taasisi ya Smithsonian. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwemo Springfield ya jeshi, ambayo aliifanyia ubao na shabaha za kumfaa yeye mwenyewe. Miaka 24 baadaye, mwishoni mwa mwaka 1933, mwandishi Ernest Hemingway alikuja kuwinda Tanganyika. Yeye naye alikuwa na Springfield iliyogeuzwa, kazi ya nyumba ya mafundi ya Griffin & Howe, iliyoanzishwa New York mwaka 1923. Kwa hiyo sifa ya bunduki ya jeshi iliyogeuzwa kuwa ya mwindaji, sifa ambayo baadaye ilimfanya seremala wa Ohio au dereva wa Texas ashike msumeno, sehemu yake ilijengwa hapa hapa katika mbuga zetu.

SIKU YA KUUZA

Sasa miaka imepita. Mwenye bunduki ameamua kuiuza, au amefariki na mjane wake anafungua kabati. Wanakumbuka saa alizotumia. Wanakumbuka bei ya ubao wa jozi na bei ya darubini. Wanajumlisha, wanapata hesabu nzuri, wanakwenda nayo sokoni. Huko wanakutana na wanunuzi wa namna tatu.

Wa kwanza ni mkusanyaji wa vitu vya kale. Huyu anataka bunduki kama ilivyotoka mikononi mwa askari: ubao wake ule ule wenye mikwaruzo, singe yake, na mihuri yake yote. Kwake yeye ile mihuri midogo iliyopigwa juu ya chuma na mbao ndiyo hati ya kuzaliwa. Humwambia ni kiwanda gani, mwaka gani, na mkaguzi gani aliyeipitisha. Huangalia hata kama namba ya bolti inalingana na namba ya mwili wa bunduki. Msasa uliopitishwa kwa upendo juu ya mihuri hiyo umeifuta hati. Mkusanyaji akiona hivyo hutikisa kichwa na kwenda zake. Tena, kwa jinsi bunduki nyingi zilivyokatwa wakati zilipokuwa rahisi, zile zisizoguswa zimeadimika, na bei yake imepanda. Huo ndio mzaha mchungu wa biashara hii: kila msumeno uliokata bunduki moja uliiongezea thamani bunduki ya jirani ambaye hakufanya kitu.

Wa pili ni mwindaji wa kawaida. Huyu hajali historia. Anataka bunduki inayolenga vizuri kwa bei nafuu. Yeye ndiye mnunuzi wa haki wa bunduki iliyochongwa, kwani ndiye aliyekusudiwa. Ile Springfield hutumia risasi ya mwaka 1906 ambayo hadi leo huuzwa karibu kila duka la silaha huko. Lakini mwindaji huyo ana mahali pengine pa kwenda. Viwanda vya leo hutengeneza bunduki mpya za kuvuta bolti, nyepesi, zenye matundu ya darubini tayari, kwa bei isiyomtisha mfanyakazi. Kwa hiyo hatalipa zaidi ya bei ya bunduki mpya kwa bunduki ya zamani iliyochongwa na mtu asiyemfahamu.

Wa tatu ni mrejeshaji. Huyu hununua bunduki iliyochongwa ili airudishie ubao wa kijeshi na vyuma vyake, iwe kama zamani. Swali lake ni moja tu: nini kilichofanywa ambacho hakiwezi kufutwa? Ubao uliobadilishwa unaweza kutafutiwa mwingine. Lakini mtutu uliokatwa haurefuki, na tundu lililotobolewa katika chuma halizibiki likawa kana kwamba halikuwapo. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa sababu hiyo, yule aliyeuhifadhi ubao wa zamani na vyuma vya singe katika gunia, badala ya kuvitupa, anaweza kukuta gunia lile lina maana kubwa kwa mnunuzi kuliko darubini yake yote.

Utaniuliza, mbona basi bunduki kama ya Hemingway inathaminiwa ingawa nayo ilikatwa? Jibu ni kwamba pale mnunuzi hanunui mabadiliko. Ananunua mkono unaojulikana. Fundi mwenye jina ameacha alama yake, kazi yake imeonekana mara elfu, na mnunuzi anajua anapata nini. Mkono usiojulikana huenda ni mzuri vile vile, lakini mnunuzi hana njia ya kujua, na asichokijua hukikata bei. Soko halimlaumu fundi wa nyumbani kwa uvivu wala kwa ujinga. Linamwambia tu kwamba saa zake alizitumia kwa ajili yake mwenyewe, na malipo yake alikwisha kuyapokea siku zile, katika utulivu wa jioni na katika nyama ya mezani. Kuyadai mara ya pili kwa mgeni ni kujitafutia uchungu.

Hivyo basi bei iliyo ya haki haipatikani kwa kujumlisha stakabadhi. Hupatikana kwa kuangalia bunduki kama hiyo, yenye hali kama hiyo, imeuzwa kwa kiasi gani siku za karibuni, na kwa kumpa fundi bunduki wa kweli aikague kabla ya kutaja bei.

MAMBO YASIYOFICHIKA

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Muuzaji wa kitu kilichogeuzwa anajua mambo ambayo mnunuzi hayaoni. Juu ya bunduki, mambo hayo ni uhai na kifo.

Risasi inapofyatuliwa, hewa ya moto yenye nguvu kubwa mno huzaliwa ndani ya chemba, sentimeta chache tu kutoka kwenye jicho la mpigaji. Kinachomlinda ni bolti na mwili wa bunduki. Bolti inapaswa kukaa karibu sana na kitako cha risasi. Nafasi ikizidi, ganda la shaba linaweza kupasuka na moto ukarudi nyuma. Katika bunduki iliyounganishwa kwa vipande vya bunduki mbili au tatu, au iliyobadilishwa mtutu nyumbani, nafasi hiyo haikisiwi kwa macho. Hupimwa na fundi kwa vipimo maalumu. Muuzaji aliyebadilisha bolti au mtutu akanyamaza, ameuza mtego.

Uko mfano mmoja ambao kila mfanyakazi wa kiwandani atauelewa. Mwaka 1917, Springfield kadhaa zilipasuka mikononi mwa wapigaji. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika kuchoma chuma, mafundi walikadiria joto kwa jicho, kwa kutazama rangi ya chuma kilichowiva. Siku ya jua kali rangi huonekana hafifu, na siku ya mawingu huonekana kali. Hivyo chuma kingine kilichomwa kupita kiasi kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Lawama haikuwa ya jicho la mfanyakazi, bali ya wale waliompa jicho lake peke yake kuwa kipimo. Kazi hiyo ilirekebishwa mwaka 1918. Tangu hapo wajuzi huhadhari na bunduki za Springfield zenye namba chini ya 800,000 zilizotoka kiwanda cha Springfield, na zile zenye namba chini ya 285,507 zilizotoka kiwanda cha Rock Island. Nyingi katika hizo ziligeuzwa za kuwindia, zikapakwa rangi mpya na kuvalishwa mbao nzuri. Uzuri wa ubao hausemi lolote juu ya chuma kilicho chini yake. Muuzaji aisome namba, amwambie mnunuzi waziwazi, na kama ni ya kundi hilo, asimshawishi mtu kuipiga.

Yako na mengine. Risasi za kijeshi za zamani zilikuwa na chumvi katika viwashio vyake, na mtutu ambao haukuoshwa vema huliwa na kutu ndani huku nje unang'aa. Sheria ya Marekani yenye asili yake mwaka 1934 huihesabu bunduki ya mtindo huu kuwa silaha ya kuandikishwa kwa namna ya pekee endapo mtutu wake haufiki inchi 16, yaani karibu sentimeta 41. Hivyo aliyerithi bunduki iliyokatwa mtutu hana budi aupime kabla hajaitoa nje ya nyumba. Na endapo tupa au msasa umeiondoa namba ya bunduki, basi hilo si dosari ya bei tu. Kuwa na silaha iliyofutwa namba ni kosa la jinai huko.

NI NANI ANAYEICHUKUA

Tumesema tutairudia ile bunduki ya Italia ya dola 19.95. Mwezi wa Machi 1963, duka lile la Chicago lilipokea agizo kwa posta. Jina lililoandikwa lilikuwa A. Hidell, anuani ilikuwa sanduku la posta la Dallas, na malipo pamoja na gharama za kuituma yalikuwa dola 21.45. Hakuna aliyemwona mnunuzi uso kwa uso. Hidell alikuwa ni Lee Harvey Oswald. Tarehe 22 Novemba mwaka huo huo, kwa bunduki hiyo, Rais John Kennedy aliuawa mjini Dallas. Duka halikuvunja sheria ya wakati ule. Liliuza kitu kilichoruhusiwa kuuzwa, kwa mtu ambaye halikumwuliza neno.

Ilichukua miaka mitano, pamoja na vifo vya Martin Luther King na Robert Kennedy, hata ikapitishwa sheria ya mwaka 1968 iliyokomesha kuwauzia raia bunduki kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo, na iliyofunga kwa muda mlango wa kuingiza masazo ya vita kutoka nje. Mlango huo ulifunguliwa tena kwa sehemu mwaka 1984, kwa zile zihesabiwazo kuwa vitu vya kale. Lakini sifa ya ukale hupewa bunduki iliyobaki katika umbo lake la asili. Iliyochongwa, kwa kawaida, haimo katika fungu hilo. Msumeno wa jioni uliiondolea bei, na ukaiondolea pia nafuu ya sheria.

Leo muuzaji wa kawaida huko, asiyefanya biashara ya silaha, anaruhusiwa na sheria ya taifa kumwuzia mkazi wa jimbo lake mwenyewe bila kupitia dukani, mradi hajui wala hana sababu ya kuamini kwamba mnunuzi amekatazwa kumiliki silaha. Yako majimbo, kama California na New York, ambayo hayakubali hata hilo, na hudai kila mauzo yapite kwa mwenye leseni. Kumwuzia mtu wa jimbo jingine sharti kupite kwa mwenye leseni popote pale. Huko dukani mnunuzi hujaza fomu, na tangu Novemba 1998 jina lake hukaguliwa katika kumbukumbu za serikali kabla hajakabidhiwa.

Sheria, basi, inamwachia muuzaji katika majimbo mengi uhuru wa kuuza kwa kupeana mikono tu. Lakini kuruhusiwa si kushauriwa. Mjane anayeuza bunduki ya marehemu mumewe hana njia ya kujua kama kijana mwenye adabu aliyesimama barazani kwake alifungwa mwaka juzi kwa kumpiga mkewe. Mwenye duka anayo njia hiyo, kwa ada ndogo. Anayeipeleka bunduki kwake kwa hiari hununua kitu ambacho ubao wa jozi hauwezi kumpa: kulala usingizi. Na mnunuzi anayekasirika kwa kuombwa kukaguliwa amekwisha jibu swali ambalo hukumwuliza.

Hapa kwetu mambo ni tofauti, na ni vema yawe wazi. Tanzania hairuhusu bunduki ihame mkono kwa mapatano ya barazani, iwe ni mpya, kuukuu au gobore la kurithi. Yeyote anayekuta silaha katika mali ya marehemu asiifiche darini wala asimpe mjomba wa shamba. Aende polisi na kueleza.

LA KUSHIKA

Ndugu msomaji, tumetoka mbali, kutoka maghala ya Virginia hadi Mombasa hadi Dallas, ili tujibu swali letu la mwanzo. Yule aliyeambiwa kwamba kazi yake imepunguza bei hakudhulumiwa. Alipata bunduki aliyoitaka, kwa umbo alilolitaka, akaitumia miaka yote hiyo. Bei ni jambo la mnunuzi. Jasho ni jambo lake. Siku ya kuuza, vitu hivyo viwili hutengana, na mtu mwenye busara huviacha vitengane bila kugombana na mnunuzi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakitengani naye hata baada ya kupokea fedha: yale aliyoyajua. Alijua alichokikata, alichokitoboa, alichokibadilisha na alichokiona kinalegea. Alimwona yule aliyekuja kununua. Basi ayaandike yote katika karatasi moja, kwa maneno ya wazi: imekatwa hapa, imetobolewa pale, kipande hiki si cha asili, imekaguliwa na fundi tarehe fulani, na nakala aibaki nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na silaha bila daftari huja kuonekana mahakamani.

Kadhalika nawe, unapouza cherehani uliyoifunga mota mwenyewe au jiko la gesi ulilobadilisha mpira wake, usimpigie mnunuzi hesabu ya usiku uliokesha. Mweleze ulichokifanya. Na kama kazi yako ina hitilafu inayoweza kumwunguza mtoto wake, mwambie kabla hajatoa fedha mfukoni, hata kama kwa kumwambia ataondoka.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.